Somo: Namna ya kusoma mche wa mwamba uliochimbwa chini ya bahari

Salaam jamaa. Wengi mliniuliza vipi watu hujua historia ya bonde la bahari kwa kutazama vijiti vya mawe. Leo tulitatue hilo.

Panda matatu mjini Mombasa ukielekea Mariakani. Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojengewa Fort Jesus. Ukifika Changamwe na Miritini umeshaingia kwenye miamba ya tope ya Jurasiki, ya zaidi ya miaka milioni 145. Mazeras na Mariakani mawe-mchanga ni ya kale zaidi. Tabaka hizo zimeinama kuelekea baharini, kwa hivyo barabarani unazisoma bila kuchimba. Huko baharini zimefunikwa na mashapo mengi, na matatu hakuna. Ndiyo maana watu hutoboa na kuvuta mche wa mwamba, mrefu na wa duara, kama mche wa sabuni ambao haujakatwa.

Hatua ya 1: Jua juu ni wapi. Kwenye meli za utafiti mche mmoja hufika kama mita 9.5, ukakatwa vipande vya mita 1.5. Kila kipande hufungwa kifuniko cha buluu upande wa juu, na kisicho na rangi upande wa chini. Wachimbaji wa mafuta wao huchora mistari miwili ubavuni: jiwe likiwa limesimama sawasawa, mwekundu uko kulia na mweusi kushoto. Mtaona ni jambo dogo. Mimi nilipoanza nilipigilia paipu ya maji kwenye tope la mikoko ya Tudor, nikaivuta, nikalisukuma tope nje, nikalipasua kwa mshipi wa kuvulia, nikachora tabaka zangu kwa madaha. Mchanga mzito ulikuwa juu na tope laini chini yake. Nikaanza kutunga hadithi ya mafuriko ya ajabu. Kumbe paipu niliilaza kinyume nilipoibeba begani.

Hatua ya 2: Hesabu kilichopotea. Hapa ndipo wengi hukimbilia mbele. Umetoboa mita 9.5, lakini kilichotoka ni mita 4. Zile 5.5 ziko wapi? Kwa desturi, kilichopatikana huandikwa kama kimetoka sehemu ya juu ya urefu uliotobolewa, kwa kuwa hakuna ajuaye kilipokuwa hasa. Mchanga uliolegea huoshwa na maji ya kuchimbia, tope lililoshikana hubaki. Ukisahau hilo utasema bahari ile haikuwa na mchanga, na mchanga ulikuwepo tele.

Hatua ya 3: Pasua katikati kwa urefu. Nusu moja ya kufanyia kazi, nusu nyingine ya kumbukumbu, isiguswe. Ile ya kazi ilowanishe kwa sponji kabla ya kutaja rangi. Jiwe kavu hudanganya.

Hatua ya 4: Punje na asidi. Pitisha kidole: punje kubwa chini na ndogo juu, ndani ya tabaka moja, ni alama ya maporomoko ya tope yaliyoteremka kwenye mteremko wa bahari, mazito yakatangulia kutua. Kisha dondosha tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Likitoka povu, kuna chokaa. Na hapa pana uhondo. Kwenye kina kirefu, mara nyingi kati ya mita 4,000 na 5,000, maji huyeyusha maganda ya chokaa kabla hayajazikwa, likabaki tope jekundu la udongo. Basi ukikuta chokaa nyeupe chini na udongo mwekundu juu yake, huenda sakafu ile ilikuwa ikizama, kwani sakafu ya bahari ikizeeka hupoa na kushuka.

Hatua ya 5: Umri. Chuja tope, tazama kwa hadubini maganda ya foraminifera, viumbe vidogo mno vya baharini. Aina moja huzuka, nyingine hutoweka, na mpangilio huo unajulikana. Usumaku husaidia pia: mara ya mwisho ncha za sumaku za dunia kugeuka ni kama miaka 780,000 iliyopita, na mashapo huhifadhi mwelekeo huo.

Hatua ya 6: Tafuta mishono. Mstari mkali, matundu ya wadudu yaliyojaa mchanga wa juu, visukuku (mabaki ya viumbe vya kale ndani ya mawe) vinavyoruka zama nzima. Pale bahari iliacha kutandika, au mkondo ulikwangua. Sentimita moja yaweza kuficha miaka milioni nyingi.

Sasa soma kutoka chini kwenda juu. Mwaka 1970 meli Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Mediterania na kukuta jasi na chumvi, na juu yake tope la bahari ya kina. Chumvi haigandi hivyo ila maji yakikauka sana. Ikajulikana kwamba kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita bahari ile ilitengana na Atlantiki. Mwaka 1972 meli hiyo hiyo ilichimba magharibi mwa Bahari ya Hindi, likiwemo Bonde la Somalia lililo mbele ya pwani yetu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Changamwe: Mwalimu, niliokota Miritini jiwe la mzunguko lenye mbavu kama konokono. Ni nini?
Jibu: Yaelekea ni amonaiti, mnyama wa bahari wa zama za Jurasiki, na miamba ya huko inajulikana kwao. Usiuze, mwanangu. Visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006. Piga picha pale pale, kisha wape habari watu wa Makumbusho.

Kutoka Likoni: Tundu moja latosha kulijua bonde zima?
Jibu: Wapi! Tundu ni upana wa sahani. Kwanza hupimwa kwa mitetemo inayorudi kutoka chini, ndipo tundu lithibitishe. Kisima cha kutafutia mafuta cha Sunbird-1, 2014, kilishuka kwenye mwamba wa matumbawe wa zama za Miosini uliozikwa chini ya bahari yetu. Mitetemo huonyesha umbo la kinundu. Jiwe ndilo huthibitisha kuwa ni matumbawe.

Kutoka Kisauni: Asidi sina. Nifanyeje?
Jibu: Kwaruza jiwe kwa kisu upate unga, utilie siki. Povu litakuwa dogo, sogeza sikio usikie. Na ukitaka kujaribu paipu, subiri maji ya bamvua yakupwe, vaa viatu vya kufunga, na utie alama ya wino upande wa juu kabla hujaing'oa.