Mshale wa kuwindia elki: uzito kwanza, kigumba baadaye

Nimekulia Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa majirani Wahadzabe. Mhadzabe akitoka kuwinda hubeba mishale ya aina kadhaa mkononi: wa ncha ya mti kwa ndege, wa chuma uliopakwa sumu kwa mnyama mkubwa. Ule wa sumu hauhitaji kupenya sana, maana sumu inamalizia kazi. Huku Colorado, jimbo la Marekani ninakowinda kila Septemba, sumu ni marufuku. Mshale unaua kwa kukata na kumwaga damu, basi. Elki, mnyama mwenye pembe za matawi, dume lake hupita kilo 300. Mshale ukiishia katikati ya kifua, damu inabaki ndani na utafuata majani makavu mpaka jua lizame. Ninachotaka mimi ni matundu mawili, la kuingilia na la kutokea.

Hatua ya 1: Ujue upinde wako, achana na tangazo

Kasi inayoandikwa kwenye boksi la upinde wa kapi (wenye vigurudumu kwenye ncha zake) hupimwa kwa mvuto, yaani nguvu ya kuvuta uzi, wa paundi 70, urefu wa mvuto inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Mimi navuta paundi 65 kwa inchi 28, kwa hiyo kasi ile si yangu. Pima mvuto kwa mizani ya kuning'iniza, kisha omba duka likupimie kasi kwa mshale wako mwenyewe. Usiende chini ya greni 5 kwa kila paundi ya mvuto, kwani chini ya hapo nguvu inarudi kwenye upinde na inaweza kuupasua.

Hatua ya 2: Jumlisha uzito

Greni moja ni ndogo mno. Gramu 1 ina greni 15.4. Mshale wangu wa sasa unajumlishwa hivi: wano (mti wa mshale) la kaboni la inchi 28.5, lenye greni 10.2 kwa inchi, ni 291. Kiungo cha shaba kinachoshika kigumba, yaani ncha ya kukata, 50. Kigumba, 125. Manyoya matatu ya plastiki, 24. Noki ya nyuma, inayoshika uzi wa upinde, 10. Jumla 500, yaani kama gramu 32.

Kwa nini nisibaki na mshale mwepesi wa greni 400? Chukua mfano. Upinde unaorusha greni 400 kwa futi 280 kwa sekunde utarusha greni 520 kwa futi kama 248. Nishati ya mwendo ni karibu ileile, takriban futi-paundi 70 kwa yote miwili. Lakini msukumo, yaani uzito mara kasi, unapanda kwa asilimia 15 hivi, na huo ndio unaousukuma mshale upite ngozi, ubavu na nyama bila kusimama. Isitoshe, upinde unatulia na sauti inapungua.

Gharama ipo, nisikufiche. Ukilenga kwa yadi 35 kumbe mnyama yuko 40, mshale wa greni 400 utashuka kama sentimita 11 chini ya shabaha, na ule wa 520 kama 14. Sentimita tatu hizo nimezikubali, kwa sababu nina kipima umbali na sipigi zaidi ya yadi 40.

Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio mengi ya mishale Afrika Kusini miaka ya 1980, alifikia kwamba kuvuka mfupa mzito kunahitaji greni 650 hivi. Kwa nyati ningemfuata. Kwa elki, anayepigwa mbavuni, 450 hadi 550 zinatosha, na mtu anayevuta paundi 50 asijilazimishe kubeba nondo.

Hatua ya 3: Ugumu wa wano

Namba iliyochapwa kwenye wano, mfano 340, maana yake wano hilo hupinda inchi 0.340 likitundikwa uzito wa paundi 1.94 katikati ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28. Namba ndogo, wano gumu. Ukiongeza uzito mbele, wano hufanya kazi kana kwamba limelainika. Mimi nilipotoka kigumba cha greni 100 na kiungo cha alumini kwenda 125 na shaba, nilihama kutoka 340 hadi 300.

Kisha tafuta mahali mshale unapojisawazisha. Laza mshale mzima juu ya ukingo wa rula mpaka utulie, na upime kutoka mtaro wa noki hadi hapo. Wangu una sentimita 72 bila kigumba, na unatulia kwenye 47. Toa nusu ya urefu, 36, inabaki 11. Gawanya kwa 72, ni asilimia 15. Kati ya 12 na 18 mshale huruka vizuri.

Hatua ya 4: Kigumba

Msimu wangu wa kwanza nilitumia mshale wa greni 380 wenye kigumba cha kufunguka. Dume lilikuwa yadi 28, likasogea hatua moja nikiachia, na mshale ukagonga bega. Mabapa yalifunguka kwenye mfupa, yakala nguvu yote. Mshale uliingia kama kidole. Nilifuata matone mpaka usiku, nikarudi asubuhi, sikumpata. Sijalisahau.

Vigumba vya kufunguka si vibaya kwa swala wa huku mwenye mbavu laini na mwindaji mwenye upinde wenye nguvu. Kwa elki natumia cha mabapa 2 yasiyosogea, chuma kinene, kilichonolewa upande mmoja. Kigumba cha namna hiyo hujizungusha ndani ya mfupa na kuupasua. Hakikisha upande wa makali unafuata mzunguko wa manyoya, kulia na kulia, kushoto na kushoto. Sheria ya Colorado inataka upana usiopungua 7/8 ya inchi na makali mawili ya chuma. Jimbo lako lisomee lenyewe.

Kigumba kipya cha dukani hakijawa tayari. Kinoe kwenye jiwe, kisha kipitishe kwenye mkanda wa ngozi mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono bila kukandamiza. Mkono wangu wa kushoto huwa na kipara kuanzia Agosti.

Hatua ya 5: Patanisha

Simamisha mshale kwa ncha juu ya kioo, uuzungushe kwa vidole. Ukitetemeka, kigumba hakijakaa sawa. Badilisha kiungo au wano.

Halafu rusha kwa yadi 20, kisha 30, ncha ya mazoezi na kigumba kwa kupokezana. Vigumba vikiangukia kulia kwa ncha, sogeza kipumziko cha mshale kushoto nusu milimita, urushe tena. Fanya hivyo bila haraka, hata jioni tatu. Mishale inayofaulu naiandika namba na kuiweka kwenye podo. Unaokataa kupatana nautoa kigumba, nauvika ncha butu, unakuwa wa ndege.