Jinsi ya kuchagua kitabu cha kwanza cha kuprogramu kabla hujatoa hela

Mdogo wangu alimaliza form four, na nyumbani wakaona asikae bure mpaka Julai form five ifunguliwe. Akasema anataka kujifunza kuprogramu, basi kazi ya kutafuta kitabu nikapewa mimi kwa sababu kuprogramu ndo shughuli yangu ya kila siku. Nikajua ni kazi ya nusu saa. Ilitula wiki nzima, na kitabu cha kwanza hela yake ilipotea, kwa hiyo naandika tulivyofanya mara ya pili ili wewe uanzie hapo.

Hatua ya 1: Lugha

Lugha ya kuprogramu ya kuanza nayo ni Python. Najua kuna watakaobisha, wengi tulianza na lugha nyingine, C, chuoni na tukafika, lakini chuoni una mwalimu na una wenzako wa kuwauliza, anayejisomea chumbani kwake hana. Python ukitaka neno litokee kwenye skrini unaandika mstari mmoja. Java unaandika mitano, na minne kati ya hiyo unaambiwa utaielewa mbele ya safari. Na ukisikia mtu anakusifia The C Programming Language cha Kernighan na Ritchie, ni kitabu kizuri kweli, ila kwenye dibaji wenyewe wamesema sio cha kumfundisha mtu anayeanza kuprogramu, wanategemea lupu (kuiambia kompyuta irudie kitu) na fankisheni (kipande cha programu kilichopewa jina ili ukiite tena) uwe umeshakutana nazo.

Kama unachotaka ni kutengeneza tovuti tu, JavaScript sawa, sitakukataza.

Hatua ya 2: Kifaa

Una simu tu? Weka Pydroid 3, app ya kuandikia na kuendeshea Python, inafanya kazi bila bando ukishaishusha, na chagua kitabu chenye mazoezi mafupi kwa sababu kuandika mistari sitini kwa kidole gumba kunachosha. Una laptopu? Weka Thonny, nayo ni ya kazi hiyohiyo. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, inakuja na Python yake ndani, na inakuonyesha programu ikitembea mstari kwa mstari. Hizo nyingine zenye vitufe mia achana nazo kwanza.

Hatua ya 3: Hakikisha kitabu ni cha Python 3

Hapa ndo tulipoumia, usiruke.

Tulienda Posta kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba pembeni ya barabara, tukapata kinene, jalada safi, hakuna ukurasa uliochanika, tukalipa tukaondoka tumefurahi. Kesho yake mimi niko kazini, dogo akaanza. Mfano wa kwanza kabisa, wa kutoa neno kwenye skrini, ulikuwa hivi:

print "Hello"

Ikakataa. Akafikiri kakosea herufi, akaandika upya, ikakataa, akaitoa Python yote akaiweka tena, ikakataa vilevile, saa tatu zimeisha. Jioni nimerudi ananiambia kaka, hii kitu sio yangu, sina akili ya kompyuta. Iliniuma sana, kwa sababu yeye hakukosea popote. Kitabu kilikuwa cha Python 2.

Iko hivi. Python 3 ilitoka Desemba 2008, lakini haikukubali kila kitu kilichoandikwa kwa ajili ya Python 2, kwa hiyo miaka mingi zote mbili zikawa zinatumika na vitabu vikaendelea kuandikwa kwa hii ya zamani, mpaka Python 2 ilipofungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Maana yake kitabu cha mwaka 2012 kinaweza kuwa cha hii au cha ile. Usiamini mwaka peke yake, kwa sababu kitabu kikichapwa upya kinaweza kubeba mwaka mpya na ndani ni yaleyale. Fungua ndani uangalie:

- print isiyo na mabano, kama hapo juu, ni Python 2. Ya sasa ni print("Hello").
- Ukiona raw_input popote, Python 2. Sasa hivi ni input tu.
- Tafuta sehemu ya hesabu. Wakikuambia 7 / 2 ni 3, Python 2. Ikiwa 3.5, ni Python 3. Hii ndo mbaya kuliko zote maana kompyuta hailalamiki, unapata jibu tofauti na la kitabu na hujui kwa nini.

Kuna watakaokuambia chukua tu halafu weka Python 2, au rekebisha mabano mwenyewe ukiwa unasoma. Mimi naweza kufanya hivyo, wewe usifanye. Anayeanza hana namna ya kujua kosa ni lake au ni la kitabu, na akishindwa atajilaumu yeye.

Ila usiogope kupita kiasi pia. Kitabu kikisema Python 3.6 na wewe umeweka ya juu zaidi, masomo ya mwanzo ni yaleyale. Na zile PDF za magrupu ya WhatsApp ziangalie kwa makini, nilizotumiwa mimi zilikuwa matoleo ya zamani na kurasa za mwanzo zimekatwa, huoni hata mwaka.

Hatua ya 4: Jaribu Kiingereza cha kitabu

Usisome sura ya kwanza, sura ya kwanza ya kila kitabu ni nzuri. Nenda kwenye lupu, soma kurasa mbili, funga, halafu mweleze mtu kwa Kiswahili ulichosoma. Ukikwama, Kiingereza chake kinakushinda kabla programu haijakushinda, kirudishe. Angalia na mazoezi mwisho wa sura, yawepo ya kuandika programu kuanzia mwanzo, sio maswali ya "nini maana ya" peke yake.

Hatua ya 5: Soma cha bure kwanza

Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart kipo chote mtandaoni, mwandishi mwenyewe kakiweka kisomwe bure. Think Python cha Allen Downey hivyohivyo. Huibi, na vyote ni Python 3 ukichukua toleo la karibuni. Mimi nampa mtu hicho cha kwanza kwa sababu kinakupeleka mpaka kwenye mafaili na Excel, vitu unavyoviona ofisini na dukani. Cha pili ni kizuri kwa anayependa hesabu. Soma sura tatu, ukiona unaelewana nacho ndo ukanunue cha karatasi. Mifano yote iandike mwenyewe, usikopi na kupesti.

Hatua ya 6: Ukikwama

Kaa na kitabu kimoja. Dogo alikwama kwenye fankisheni, hakuelewa return inarudisha nini na inakipeleka wapi. Sikumbadilishia kitabu, nilimwambia asome sura ya fankisheni kwenye kile kingine cha bure, afanye mazoezi yake, halafu arudi alipoachia. Siku mbili akawa ametoka. Sasa hivi anasoma faili la mauzo ya duka la mama na kutoa jumla ya kila wiki.