SOMO: "See" ya Kiingereza si "kuona" kila mahali

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne kwa nini "I am seeing you" ni kosa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu kisha niendelee na shughuli zangu.

Mjue kwanza kwamba shida haiko kwenye Kiingereza, iko kwenye "kuona" yetu. Imebebeshwa mizigo mingi mno: tunaona mtu, tunaona baridi, tunaona haya, tunaona wivu, tunaona bora tuondoke. Na asiyesikia la mkuu hukiona cha mtema kuni. "See" haijatwishwa yote hayo.

Hatua ya 1. Maumbo yake ni see, saw, seen. Hakuna "seed", hiyo ni mbegu.

Hatua ya 2. Kabla ya kutafsiri, toa "naona" uweke "nasikia" au "nadhani". Maana ikibaki ileile, macho hayahusiki na "see" haina kazi hapo. "Naona baridi" ni sawa na "nasikia baridi", kwa hiyo "I feel cold". "Naona bora tuondoke" ni "nadhani bora tuondoke", kwa hiyo "I think we should leave". Lakini "naona nyoka" huwezi kuigeuza "nadhani nyoka". Hapo ni macho matupu: "I can see a snake".

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipoaibika, someni taratibu.

"-na-" yetu haibagui: "ninakula" ni "I am eating", basi mtu anadhani "ninaona" nayo ni "I am seeing". Siyo. Vitenzi kama see, hear, know na want kwa kawaida havitaki "-ing". Kitu kikiwa mbele ya macho yako sasa hivi, Kiingereza husema "I can see". Hiyo "can" haina habari ya uwezo, msiitafsiri.

Kazi yangu ya kwanza ya ofisini nilikaa karibu na dirisha linalotazama geti. Siku moja mke wa bosi akafika, mafaili kwapani, anasalimiana na mlinzi. Nikamwandikia bosi ujumbe kwa heshima zote: "Sir, I am seeing your wife." Nilitaka kusema namwona mkeo getini. Nilichomwambia ni kwamba mimi na mkewe ni wapenzi. Akatoka ofisini kwake simu mkononi, akasimama mbele ya meza yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?" Nami kwa uungwana wangu nikamjibu, "Kama dakika tano tu, bosi." Aliyeniokoa ni katibu muhtasi, aliyeusoma ujumbe akacheka hadi akakaa chini.

Tahadhari: "I'm seeing" ipo, ila kwa mambo matatu. Mapenzi, kama nilivyojikuta. Miadi: "I'm seeing the dentist tomorrow". Na mauzauza: "I'm seeing things", yaani naona visivyokuwepo.

Tahadhari nyingine: msikimbilie "I am looking your wife" mkidhani mmejirekebisha. "Look" inadai "at". Na ukishaiweka hiyo "at", sasa unamkodolea macho mke wa bosi.

Hatua ya 4. Look at ni kuelekeza macho, see ni kitu kuingia machoni, watch ni kufuatilia kinachoendelea. Picha unai-"look at", mechi unai-"watch". "Nilitazama lakini sikuona" ni "I looked but I didn't see it". Na ukitaka kumwonyesha mtu kitu, "Ona!" yetu ni "Look!".

Hatua ya 5. "Nilimwona akivuka" ni "I saw him crossing", yaani ulimkuta katikati ya barabara. Ukimwona toka anakanyaga lami hadi anafika ng'ambo, ni "I saw him cross". Hakuna "I saw him to cross".

Maswali sasa.

Kalamu Butu: Mkuu, "naona baridi" ni I see cold au I am seeing cold?

Mwandishi: Hatua ya 2. Mfano ni huohuo, neno kwa neno.

Kalamu Butu: Si ungejibu tu, ukali wa nini?

Mwandishi: "I feel cold." Sina ukali, nina uchovu.

Mjuzi wa Jana: Unapotosha watu. Wazungu wenyewe nimewasikia, "I'm not seeing any change".

Mwandishi: Wanasema, wakiwa wanafuatilia jambo kwa muda fulani. Somo nimemwandikia anayetuma barua ya kazi kesho asubuhi, sikumwandikia mzungu. Ila haya, hesabu yawe mambo manne.

Mwanagenzi: Asante kwa somo. Umesema hakuna "saw him to cross", lakini nimekutana na "he was seen to cross". Limechapwa vibaya? Na kanuni ya hatua ya 5 inafanya kazi kwa kusikia pia?

Mwandishi: Maswali ya namna hii ndiyo nayataka. Halijachapwa vibaya. Ukiigeuza sentensi kuwa ya kutendwa, ile "to" iliyofichwa inarudi: "They saw him cross", lakini "He was seen to cross". "Make" nayo ina tabia hiyohiyo: "They made him wait", "He was made to wait". Na ndiyo, kusikia kumo: "I heard her singing" ni "nilimsikia akiimba". Watch, feel na notice pia. "-ki-" yetu na "-ing" yao hapo ni pacha, itumie bila woga.

Njiwa Mweupe: Mteja nilimweleza kwa kirefu kwa nini kazi imechelewa, akajibu "I see." tu. Ameona nini?

Mwandishi: Hajaona kitu, amekuelewa. Ni kama "aa, kumbe". Ila ikija peke yake na nukta yake namna hiyo, huenda hajafurahi. Maliza kazi yake.

Bila Haraka: Nikiongeza hapo: kuna "oversee" na "overlook". Niliambiwa ni-oversee mahesabu, nikaandika kwenye ripoti kwamba nime-overlook mahesabu yote.

Mwandishi: Hahaha, umejishtaki mwenyewe. Oversee ni kusimamia, overlook ni kupitiwa na jambo. Na "oversight" hubeba maana zote mbili, usimamizi na kupitiwa, kwa hiyo isome pamoja na jirani zake.

Mwanagenzi: Na "Holy See" ya Vatican? Kuona kutakatifu?

Mwandishi: Hapana, hiyo "see" imetokana na neno la Kilatini "sedes", kiti. Zimefanana sura tu, hazina undugu.

Kalamu Butu: Mkuu usikasirike, la mwisho. "Naona usingizi"?

Mwandishi: "I'm sleepy." Kalale.