Kupandisha kuni na matawi kutoka bondeni kwa kamba moja na kapi

Nyumba nyingi za Lushoto, milimani Usambara, zimekaa ukingoni, miti ikiwa chini nyuma ya nyumba. Kukata mkaratusi ni kazi ya asubuhi moja. Kupandisha ndiko kunakovunja mgongo. Vipimo hivi ni vya mteremko wa mita 20 na watu wawili.

Punguza kwanza. Vitawi vyembamba kuliko kidole gumba viache huko huko, vilaze vikikinga mteremko na uvibane kwa vigingi. Masika vitazuia udongo. Matawi mengine yaache na majani yake kama wiki moja, kwani majani huendelea kunyonya maji ya tawi na uzito hupungua. Kipande kibichi cha mkaratusi cha mita 1, unene sentimita 20, hukaribia kilo 30. Usifunge mzigo unaozidi nusu ya uzito wa mvutaji.

Vifaa: kamba ya manila ya milimita 12, mita 25, kapi ya chuma (gurudumu ambalo kamba hupita juu yake), kamba nene ya kuifungia, gunia, glovu, vijiti viwili imara vya sentimita 50.

1. Funga kapi. Chagua mti hai mnene kuzidi paja, mita 3 nyuma ya ukingo, ili mzigo umalize kupanda kabla ya kuigonga kapi. Fungia chini karibu na ardhi, juu ya gunia lililokunjwa, gome lisichubuke. Nguzo ya uzio haifai: kapi hubeba karibu mara mbili ya nguvu unayovuta. Ukingoni laza mti laini uliobanwa kwa vigingi, la sivyo kamba itazama kwenye udongo na mzigo utakwama hapo hapo.

2. Funga mzigo. Vitako vyote vya matawi, yaani ncha nene zilizokatwa, vitangulie juu. Tawi likivutwa kwa kitako, vitawi hujikunja kurudi nyuma. Likivutwa kwa ncha, hufunguka kama mwavuli na kung'ang'ania kila kisiki. Tita liwe la kukumbatika, lifungwe mbele na nyuma.

Gogo lichonge kichwa kwa panga, mviringo kama penseli butu. Kichwa chenye kona huchimba udongo na kusimama. Kaza tanzi katikati ya gogo, kisha piga kitanzi kingine karibu na kichwa ili kamba ikiinue.

3. Vuta ukishuka. Mtu wa juu hufunga kijiti kwenye ncha ya kamba, hukishika kwa mikono miwili na kushuka. Uzito wake ndio unaopandisha. Apite mita 3 kando ya njia ya mzigo. Usizungushe kamba mkononi wala kiunoni: mzigo ukiponyoka utakuburuta. Mwenzake hupanda kando na fimbo ya kunasua, kamwe si chini ya mzigo. Mzigo ukinasa, legeza kidogo kisha nasua. Kushtua kamba ndiko kunakokata vifungo.

4. Badilishaneni. Aliyeshuka sasa yuko chini na ncha ya kamba, kwa hiyo hufunga tita jingine hapo hapo. Wa juu hufungua lililofika, huweka kijiti, naye hushuka. Kamba hairudi tupu, ndiyo maana mita 25 zinatosha. Wengi hununua 40 bure.

Njia ikianza kuonyesha udongo mtupu, hamishia kapi mti mwingine na utandaze vitawi juu ya mfuo huo siku hiyo hiyo, kabla mvua haijaugeuza korongo.