Barua pepe zinaingia lakini hazitoki? Anza na poti

Ukiona barua pepe zinaingia vizuri kwenye programu ya kompyuta yako lakini kila unayotuma inakwama, tafadhali usikimbilie kufuta akaunti. Kupokea na kutuma kuna mipangilio tofauti, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine mbovu.

Fungua mipangilio ya seva ya kutuma, yaani SMTP, utazame namba ya poti, yaani mlango ambao barua hupitia kwenye seva. Ukikuta 25, mshuku huyo kwanza: kampuni nyingi za intaneti huifunga ili kuzuia barua taka. Weka 587 na, kwenye sehemu ya usalama wa muunganisho (njia ya kuficha barua zikiwa njiani), uchague STARTTLS, au 465 na SSL/TLS. Ukizichanganya, programu itazunguka weee, mwishowe ikuambie seva haijibu.

Halafu hakikisha seva hiyo nayo imewekewa jina la mtumiaji na nenosiri. Hapa ndipo wengi tunapopasahau, maana la kupokea tayari lipo. Kama akaunti ina uthibitishaji wa hatua mbili, huenda ikadai nenosiri maalumu la programu, ambalo unalitengeneza kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti.

Jitumie barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikifika, ndipo uachie zile zilizokwama.