Kuziba mianya ya sudo kwenye seva ya Linux, hatua kwa hatua

Duka la jumla ninalolihudumia Kariakoo lina seva moja ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, imewekwa ghorofani karibu na stoo. Ndani yake kuna hesabu za mauzo, madeni ya wateja na namba zao za simu. Nilipoikagua mara ya kwanza nilikuta akaunti 11, na 4 kati ya hizo zilikuwa za watu walioacha kazi. Mwenye duka hakuwa na wasiwasi. "Hao hawana sudo," aliniambia, yaani hawana ruhusa ya kutumia amri inayompa mtumiaji nguvu za root, msimamizi mkuu wa mashine. Nilikaa naye nikamweleza kwa nini hilo halimlindi, na mwongozo huu umetokana na maelezo yale.

Kuna kasoro zinazomwezesha mwenye akaunti ndogo kujipandisha cheo hadi kuwa root. Tarehe 30 Juni 2025 ilitangazwa moja mbaya sana ndani ya sudo yenyewe, yenye namba ya utambulisho CVE-2025-32463. Iko kwenye matoleo ya 1.9.14 hadi 1.9.17, na inamtumikia hata mtu ambaye jina lake halimo kabisa kwenye sudoers, faili la wanaoruhusiwa kutumia sudo. Chanzo chake ni kigezo cha -R, kinachoiambia sudo ichukulie folda fulani kuwa ndiyo mzizi wa mfumo. Sudo, ikiwa tayari na nguvu za root, ilikuwa inaingia kwenye folda aliyoiandaa mtumiaji na kusoma humo faili la nsswitch.conf, yaani faili linaloeleza majina ya watumiaji yatafutwe wapi. Ni kama mlinzi wa geti anayemwomba mgeni alete daftari lake mwenyewe la majina ya wakazi, kisha analiamini. Kupitia faili hilo mvamizi anaifanya sudo ipakie maktaba, yaani kipande cha programu, alichokiandaa mwenyewe, na hapo mashine inakuwa yake.

Sasa tuanze kazi.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

cat /etc/os-release
dpkg -l sudo
getent group sudo

Ubuntu 24.04 ina sudo 1.9.15p5, kwa hiyo iliguswa na kasoro hiyo. Ubuntu 22.04 ina 1.9.9 na Debian 12 ina 1.9.13p3. Hizo -R haikuzigusa, lakini ziliguswa na pacha wake aliyetangazwa siku ileile, CVE-2025-32462, kasoro iliyokaa ndani ya sudo miaka 12. Huyu pacha anazihusu zaidi ofisi zenye faili moja la sudoers linalosambazwa kwenye seva nyingi, kila mtumiaji akiwa na ruhusa kwenye seva fulani tu.

Hatua ya 2: Jiandalie njia ya kurudi

Usiguse sudo ukiwa na dirisha moja tu. Fungua la pili, andika sudo -i, uliache wazi likiwa na root hadi umalize. Nakili /etc/sudoers pamoja na folda ya /etc/sudoers.d pembeni. Kama uko mbali na seva, fanya kazi ndani ya tmux ili bando likikata katikati, zoezi lisife.

Umeme ndio unaoniumiza kichwa zaidi. Hakikisha UPS ina chaji kabla hujaanza. Umeme ukikatika wakati pakiti inafunguliwa, seva ikiwaka tena endesha sudo dpkg --configure -a. Ikiwa sudo yenyewe ndiyo imebaki nusu, itabidi ukae mbele ya mashine, uiwashe kwa hali ya uokoaji na kuendesha amri hiyohiyo ukiwa root. Ndiyo maana kazi hii siifanyi kwa simu nikiwa ndani ya mwendokasi.

Hatua ya 3: Sasisha

sudo apt update
sudo apt install --only-upgrade sudo

Ukiulizwa kama unataka kubadilisha faili la sudoers, jibu N ili ubaki na lako. Kisha hakiki kwa sudo visudo -c. Huna haja ya kuzima na kuwasha seva, kwa sababu sudo husomwa upya kila inapoitwa.

Hatua ya 4: Thibitisha, na usiamini namba ya toleo

Hapa naomba uwe makini, maana mafundi wengi wanapotea hapa. Wanasoma kwamba dawa iko kwenye 1.9.17p1, wanaandika sudo --version, wanaona bado 1.9.15p5, wanashtuka na kupakua sudo ya mtandaoni wasiyoijua. Usifanye hivyo. Ubuntu na Debian huchukua kiraka tu, yaani marekebisho ya kasoro, na kukishonea kwenye toleo la zamani. Namba ya mbele haibadiliki, kinachobadilika ni mkia wake. Uliza hivi:

zgrep CVE-2025-32463 /usr/share/doc/sudo/changelog.Debian.gz

Jibu likitokea, kiraka kimo. Kwenye 22.04 na Debian 12 tafuta 32462. Mimi situmii apt changelog kwa kazi hii, kwa kuwa inaweza kukuletea historia ya pakiti iliyoko kwenye hazina wakati iliyoko kwenye mashine yako ni nyingine.

Hatua ya 5: Seva kongwe

Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha Mei 2025, mwezi mmoja tu kabla ya tangazo lile. Seva ya namna hiyo itakuambia kila kitu kiko sawa huku viraka haviiingii. Iunganishe na Ubuntu Pro, huduma inayoendelea kuleta viraka kwa matoleo ya zamani, kwa sudo pro attach. Ni bure hadi mashine 5, na kwa duka moja zinatosha. Kisha panga siku ya kuhama.

Ukikuta mashine kongwe zaidi, iangalie pia pkexec, programu nyingine inayotoa nguvu za root kama sudo. Kasoro yake ya Januari 2022, CVE-2021-4034, ilikuwemo tangu 2009. Kama huwezi kusasisha leo, ivue nguvu kwa muda:

sudo chmod 0755 /usr/bin/pkexec

Hatua ya 6: Funga akaunti za walioondoka

sudo usermod -L -e 1 jina

Kile kipande cha -e 1, kinachoifanya akaunti ihesabike imeisha muda, ni cha lazima. Ukifunga nywila peke yake, mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, bado anaingia.

Hatua ya 7: Tafuta programu nyingine zenye nguvu za root

sudo find / -xdev -perm -4000 -type f

Pitia orodha mstari kwa mstari. Usichokitambua, kiulize kwa dpkg -S kimetoka pakiti gani. Kwenye seva ile ya Kariakoo nilikuta programu ya printa ya risiti isiyotoka pakiti yoyote. Fundi aliyenitangulia aliipa nguvu za root ili wahudumu waweze kuchapa. Niliivua kwa chmod u-s, nikawaingiza wahudumu kwenye kundi la lp, la wanaoruhusiwa kutumia printa, wakatoka na kuingia upya. Risiti zikaendelea kutoka kama kawaida.