Namna ya kusimulia hadithi ya zimwi bila kuling'oa meno

Wajukuu wakija kwangu Bugembe, hapa Uganda, likizo ya Desemba, hawaniulizi habari za Sungura na ujanja wake. Wanataka zile za kutisha. Mama zao ndio wananivuta pembeni: "Mama, usiwasimulie za kuuana, hawatalala." Nawajibu, nyinyi mlizisikia zote na mlikuwa mkikoroma.

Hizi za kwangu nilizipata kambi ya polisi, Jinja, tulikokulia ndani ya unipoti, vile vibanda vya mabati vya mviringo. Huku Waacholi, kule Wateso, mbele yetu Waganda na Walugbara. Uwanjani tulisema Kiswahili, kwa hiyo hadithi ya kila kabila ilitufikia kwa Kiswahili. Obibi wa Waacholi, lile jitu linalokula watu, sisi tulimjua kama zimwi tu.

Kwanza panga saa. Mimi naanza maharagwe yakiwa jikoni, kwenye makaa, na nataka hadithi iishe kabla hayajaiva. Mtoto akishatishwa apewe posho, yaani ugali, na maharagwe, ale, acheke na wenzake, ndipo akalale. Ukimsimulia akiwa tayari chini ya blanketi umempeleka kitandani pamoja na zimwi lake. Na hadithi ya kifo haigawanywi usiku mbili. "Tutaendelea kesho" ni ya Sungura.

Kabla ya hadithi yenyewe tegeni vitendawili kidogo. Mganda husema "Kkoyi kkoyi," wakamjibu "Lya." Hapo utasikia nani yuko macho na nani ananong'ona kwa hofu tayari. Huyo mwite akae karibu na goti lako.

Sasa kuchagua. Usiangalie umri peke yake, angalia nani amekaa mbele yako. Wazazi wengi wanadhani za Wazungu ni laini kwa sababu wameziona kwenye katuni. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipotoa hadithi zao mwaka 1812, aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Toleo la 1819 likamfanya mama wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel, aliyetaka watoto wakaachwe msituni, naye alikuja kugeuzwa hivyo hivyo, mwaka 1840. Damu yenyewe hawakuiondoa: yule malkia aliyetaka Snow White auawe anavishwa viatu vya chuma vilivyopata moto na kucheza mpaka anakufa. Kwangu mimi viatu hivyo si tatizo, watoto wanavipenda mno. Tatizo ni mama wa kambo. Mtoto anayelelewa na mama wa kambo yuko hapo hapo anamenya karanga, na wenzake watamgeukia kumtazama. Akiwepo huyo, nasimulia ya zimwi. Zimwi halina ndugu kwenye mkeka wetu.

Ukishachagua, tia nguvu kwenye mwiko, yaani lile jambo lililokatazwa. Hofu ya hadithi zetu inatoka kwenye katazo, meno yanafuata baadaye. Chukua hadithi ya Waganda ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi. Ggulu, baba yake Nambi aliye mbinguni, anawaambia waondoke mapema, wasirudi nyuma hata wakisahau nini, kwa maana Walumbe, kaka yake Nambi, akiwaona atawafuata, naye ndiye kifo. Nawafanya watoto warudie: "Tusirudi nyuma!" Nawauliza tena, wanarudia kwa kelele. Kisha njiani Nambi anakumbuka kwamba amesahau nafaka ya kuku wake, ule ulezi. Hapo nanyamaza, nageuza makaa. Wenyewe wataanza: "Nambi, usirudi!" Usiwaambie kwamba hili ni jambo la kuogopesha. Wanalijua.

Njabala, nayo ya Waganda, nitawaeleza kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Binti amedekezwa, mama yake anamfanyia kila kazi. Mama anakufa, Njabala anaolewa, anapewa jembe na hajui hata kulishika. Analia, anamwita mama yake, na mzimu unatoka unamlimia huku ukiimba: wanawake hulima hivi, Njabala, mkwe wangu asije akanikuta hapa. Wajukuu waliokulia Kampala hawaoni hofu iko wapi. Mzimu mwenye kulima? Wangetaka mmoja nyumbani. Kwa hiyo mapema, wakati tunachambua maharagwe, naingiza tu kwamba kwa Waganda mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawakutani ovyo, hupishana njia. Naliacha hapo.

Usiku ukifika nachukua mwiko wa posho, nagonga sakafu: ndu, ndu, ndu. Siku ya kwanza shambani wimbo ni mkubwa na watoto wanaitikia. Siku ya pili naushusha, kwa sababu watu wameanza kumsifu mume kwamba amepata mke mkulima, naye ameanza kushangaa. Siku ya tatu tunaimba wote, na katikati ya wimbo naacha kugonga. Wao wanaendelea neno moja au mawili bila jembe. Mume amefika. Hapo ndipo wanapopiga yowe, na sijapaza sauti hata kidogo. Wale wanaojimulika tochi ya simu chini ya kidevu na kunguruma, naona wanawatekenya watoto tu.

Wakiuliza, jibu lile walilouliza, usiongeze. "Jaja," yaani bibi, "Walumbe bado yuko?" Yuko. Kayikuuzi, ndugu yake mwingine, alitumwa kumkamata, akamfukuza akichimba mpaka Ttanda, upande wa Mityana, ambako mashimo yanaonyeshwa hadi leo. Watu waliambiwa wakae kimya, watoto wakamwona wakapiga kelele, Walumbe akazama tena ardhini. Halafu namgeuzia swali: na Kintu alisema nini? Watajibu kwa pamoja kwamba aue atakavyo, watoto watazaliwa na hatawamaliza. Usiiruke sentensi hiyo hata kama maharagwe yanaungua.

Kuna moja siwapi wadogo, ya Gipir na Labong'o, ndugu wawili wa Kiluo. Gipir alichukua mkuki wa ndugu yake, akamchoma tembo, tembo akaenda nao. Labong'o akakataa mkuki mwingine wowote, ni ule ule, basi Gipir akaufuata porini mpaka akaupata. Baadaye mtoto wa Labong'o akameza ushanga wa Gipir, na Gipir naye akataka ushanga ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana pale Pakwach, kwenye Nile. Hakuna zimwi humo, ni watu wawili wenye haki zao, na mtoto wa miaka sita hana pa kuliweka jambo hilo. Nawawekea waliofika sekondari, bila wimbo na bila kugonga mwiko, kisha nawauliza nani alikosa. Watagombana. Wengine watamlaumu mwenye mkuki, wengine mwenye ushanga, na kuna atakayesema huyo mama wa mtoto alikuwa wapi. Usiwape jibu. Mimi huinuka nikaenda kufungia kuku.